Auni, Ukuruba na Nyota: Uhakiki wa Istilahi za Mahusiano katika Michezo ya Vita ya Kompyuta

Mcheza bao hafunzwi istilahi za bao kwa kitabu. Kete huliwa, mchezaji hulala, shimo moja huitwa nyumba na mengine vichwa na vimbi. Mchezo huanza kwa namua, kisha huingia mtaji. Maneno haya hayakuundwa na kamati yoyote, wala hayakufasiriwa kutoka lugha nyingine. Yalitwaliwa katika maisha ya watu, yakapewa kazi mpya ubaoni, na kila ayasikiaye huyaelewa kwa kuwa alikwisha kuyajua kabla hajaketi kucheza. Tumeanza na bao kwa sababu makala haya yanahusu michezo ya aina nyingine kabisa, ile ya kompyuta, ambayo istilahi zake katika Kiswahili zimeachwa ziokotwe njiani. Aghalabu jambo hili huonekana kuwa la watoto, lisilostahili muda wa mfasiri wala wa mwalimu. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Mambo yanayotajwa katika michezo hiyo ni urafiki, uchumba, ndoa, urithi na kifo, na lugha iliyo na msamiati tele wa mambo hayo haina sababu ya kuyaeleza kwa maneno ya kuazima yaliyochaguliwa kwa haraka.

Tutajifunga katika aina moja tu, yaani michezo ya vita ya zamu ambamo mchezaji huongoza kikosi cha wahusika juu ya uwanja wa miraba. Kwa umbo, uwanja huo unafanana na ubao wa drafti au wa sataranji: upande mmoja husogeza watu wake wote, kisha upande wa pili. Tofauti ni kwamba katika sataranji askari wanane wa mstari wa mbele hawana majina, na kuliwa kwa mmoja hakumhuzunishi mwingine. Katika michezo tunayoizungumzia kila kipande ni mtu mwenye jina, uso, umri, na mambo yaliyompata kabla ya vita. Mfano wetu mkuu utakuwa mfululizo wa Fire Emblem, ulioanzishwa Japani mwaka 1990 na Intelligent Systems kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo, chini ya ubunifu wa Shouzou Kaga. Tangu mchezo wa kwanza kulikuwa na sheria moja kali: mhusika akiuawa vitani harudi tena. Sheria hiyo ndiyo iliyoupa mfululizo huu sifa yake, na bila kuifahamu mtu hawezi kuelewa kwa nini mahusiano ya wahusika yalikuja kuwa na uzito mkubwa hivyo.

Mahusiano yenyewe hayakuwa tangu mwanzo sehemu ya hesabu za mchezo. Katika mchezo wa mwaka 1994 yaliingizwa kimyakimya: wahusika fulani, wakisimama karibu na wenzao waliopangiwa na watunzi, walipata nafasi nzuri zaidi ya kupiga na kukwepa, bila ya mchezaji kuelezwa lolote. Mwaka 1996 ulitoka Seisen no Keifu, na humo upendo wa wahusika ukawa nguzo ya hadithi nzima, tutaurudia. Mwaka 2002, katika Fūin no Tsurugi uliotengenezwa kwa mashine ndogo ya Game Boy Advance, utaratibu ukawekwa wazi na kupewa ngazi za C, B na A. Wahusika wawili wakimaliza zamu wakiwa wamepakana, alama huongezeka. Zikitosha, mchezaji huruhusiwa kuwafanya wazungumze. Na baada ya mazungumzo kila mmoja hupata nguvu ya ziada awapo ndani ya miraba mitatu ya mwenzake. Awakening ya mwaka 2012 ikaongeza ngazi ya S, yaani ndoa, na Three Houses ya mwaka 2019 ikayahamishia mahusiano mengi nje ya uwanja wa vita, katika maisha ya shule.

Utaratibu huu wote Waingereza na Wamarekani wameuita kwa neno moja, "support". Hapo ndipo taabu ya mfasiri wetu inapoanzia.

Afunguaye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili atakuta kwa neno hilo tegemeza, himili, saidia, ruzuku, na zaidi ya yote unga mkono. Hili la mwisho ndilo linalokuja kwanza kinywani, kwa sababu magazeti na redio zimelikariri kwa miaka mingi. Lakini tulitazame lilivyo. Anayeungwa mkono ni hoja, au mgombea, au msimamo wa serikali fulani. Mtu huunga mkono akiwa ameketi mahali pake. Anaweza kufanya hivyo kwa barua kutoka ng'ambo ya bahari. Aidha kitendo chenyewe ni cha upande mmoja: mbunge akiunga mkono hoja, hoja haimuungi mkono mbunge. Kusema basi kwamba wapiganaji wawili waliokesha pamoja katika mahandaki "wamefikia kiwango cha pili cha uungaji mkono" ni kuwaondoa vitani na kuwaketisha mkutanoni. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba hakuna Mswahili aliyewahi kuielezea hivyo hali ya watu wawili wanaopendana.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Kiingereza si asili ya jambo hili bali ni kituo cha njiani. Neno la Kijapani ni "shien", lenye maana ya msaada, hasa ule unaopelekwa kwa walio katika haja, na linatumika sana katika lugha ya kijeshi. Wajapani walilichagua kwa sababu walianzia kwenye matokeo: askari aliye karibu na mwenzake anasaidika. Mapenzi yaliyomfikisha hapo ni sababu, na sababu ilikuja kuvikwa jina la matokeo yake. Mfasiri anayefasiri Kiingereza peke yake haoni hatua hiyo, na anadhani kwamba neno moja lazima lizae neno moja.

Kwa hakika ndani ya neno hilo mna mambo matatu. Kuna ile nguvu ya ziada apatayo mtu vitani. Kuna mazungumzo yanayosomwa. Na kuna hali ya uhusiano yenyewe, yenye ngazi. Kiingereza kimeyafunga katika furushi moja na wachezaji wake wameyazoea. Kiswahili hakilazimiki kubeba furushi lisilofunguliwa.

Kwa jambo la kwanza tunapendekeza auni. Neno hili lina asili ya Kiarabu, limo katika kamusi zetu, na wasomaji wa tenzi wamelizoea: kuauni ni kusaidia, na auni ni msaada wenyewe, hasa ule unaomfikia mtu wakati wa shida. Huenda baadhi ya walimu wakasema kwamba ni neno la kale na kwamba msaada latosha. Msaada halitoshi, kwa sababu limechoka. Msaada ni wa chakula, wa wahisani, wa masomo, wa dirisha la posta. Katika orodha ya takwimu za mpiganaji halitamwambia msomaji chochote mahususi. Neno la kale lililolala ni mali nzuri kwa mwunda istilahi kwa kuwa halina kazi nyingine za kulisumbua. Kuna na faida isiyo ya kiisimu. Kioo cha Game Boy Advance kilikuwa na nukta 240 kwa 160 tu, na hata kwenye vioo vikubwa vya leo visanduku vya takwimu vimebanwa. Maneno yetu ni marefu kwa sababu ya viambishi vyake, na watengenezaji wa programu hawatatanua kisanduku kwa ajili yetu. Auni ni herufi nne.

Mazungumzo hayana haja ya kutukalisha. Mazungumzo, maongezi, hata soga, kwa kadiri ya jambo lenyewe. Ila tungependa mfasiri asisahau neno utani. Sehemu kubwa ya mazungumzo katika michezo hii ni ya watu wanaochokozana: mmoja amemwibia mwenzake chakula, mwingine anamcheka kwa kuogopa wadudu. Kwa Kiingereza haya huonekana kama vichekesho vya kupitisha wakati. Kwetu utani ni uhusiano kamili wenye haki na wajibu. Yako makabila ambayo utani wao unasimuliwa kuwa ulitokana na vita vilivyokwisha kwa suluhu, na mtani ana kazi yake mpaka kwenye mazishi. Katika Fire Emblem ni jambo la kawaida adui kuzungumziwa katikati ya mapigano akahamia upande wa pili, kisha akawa rafiki anayechokozwa kila siku. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu ya uhusiano wa namna hiyo.

Jambo la tatu ndilo gumu. Neno linalojitokeza lenyewe ni ukaribu, nalo lina uzuri unaovutia: hutaja umbali wa mahali na pia umbali wa moyo. Katika Fūin no Tsurugi mambo hayo mawili yamefungwa pamoja kihesabu, maana ni kwa kukaa karibu kimwili ndipo watu wanapokuwa karibu kimoyo, na wakishakuwa karibu kimoyo hunufaika wanapokaa karibu kimwili. Mshairi angeshangilia. Mwunda istilahi hana budi kuogopa, kwa kuwa maelekezo ya mchezo yatasema "ukaribu huongezeka mkiwa karibu, na hufanya kazi mkiwa karibu," na mchezaji atabaki ameduwaa. Tunashauri kwamba kupakana kwa miraba kuitwe ujirani, na mraba unaopakana uitwe mraba jirani; umbali wa miraba uitwe umbali basi; na uhusiano wa moyo uitwe ukuruba. Ukuruba una harufu ya udugu ndani yake, na hatuoni kwamba hilo ni dosari. Watu waliopigana pamoja huitana ndugu katika lugha zote tuzijuazo.

Ngazi za ukuruba zinastahili aya yake. Kuziita daraja la C, la B na la A ni kumpeleka mchezaji kwenye matokeo ya mtihani, na kila aliyesoma katika shule zetu atahisi kwamba urafiki wa daraja la C ni urafiki uliokaribia kufeli. Lakini Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza hakina, nacho ni kauli ya kutendana. Ngazi ya kwanza ni kujuana, ya pili kuzoeana, ya tatu kuaminiana, na ile ya S ni kuahidiana. Kila moja inasema waziwazi kwamba jambo hili ni la watu wawili na kwamba halikamiliki kwa mmoja. Herufi zinaweza kubaki kwenye kisanduku pale nafasi inapokosekana. Maandishi ya maelezo yatumie vitenzi.

Sheria ya mwaka 2002 ilikuwa na ukali unaofaa kutajwa hapa. Kila mhusika aliruhusiwa mazungumzo matano tu ya aina hii katika mchezo mzima. Kufikia A na mtu mmoja hugharimu matatu; yaliyobaki mawili hayatoshi kufika A na mwingine. Maana yake ni kwamba kila mtu ana mwandani mmoja. Awakening ikauondoa mpaka huo, ikabakiza mmoja wa ndoa tu, na tangu hapo mchezaji mwenye subira huweza kumfanya kila mtu awe rafiki wa kila mtu. Wachezaji wengi walifurahi. Kwa maoni yetu kitu kilipotea: urafiki usiomnyima mtu mwingine chochote ni vigumu kuutofautisha na adabu njema.

Katika michezo ya Game Boy Advance kila mhusika hupewa pia alama ya asili yake: moto, radi, upepo, barafu, nuru, giza, na moja inayohusu nguvu za viumbe vya asili. Alama za wawili ndizo zinazoamua aina ya auni watakayopeana. Kamusi itampa mfasiri mvuto, mnasaba, mwelekeo, na vinginevyo. Yote ni ya maabara. Kiswahili kinasema tangu zamani kwamba nyota za watu wawili zimepatana au hazikupatana, na wajuzi wa falaki wa pwani huzigawa nyota za watu kwa moto, maji, upepo na udongo. Hapa istilahi iko tayari, imeiva, na jambo linalotajwa linakaribiana nayo mno kiasi kwamba kutafuta neno jingine kungekuwa ukaidi. Nyota ya moto, nyota ya radi. Mchezaji akiambiwa kwamba nyota za Lyn na Florina zimepatana ataelewa kabla hajamaliza kusoma.

Tuje sasa kwenye Seisen no Keifu, mchezo ambao kwa maoni yetu ndio uliolitumia jambo hili kwa ujasiri mkubwa kuliko mwingine wowote wa mfululizo huu. Jina lake lafasiriwa kwa urahisi: keifu ni orodha ya vizazi, nasi tunayo nasaba. Nasaba ya Vita Vitakatifu ni jina ambalo halipungukiwi na kitu. Katika nusu ya kwanza mchezaji huongoza kikosi cha Sigurd, na wakati vita vinaendelea upendo hukua kati ya waume na wake waliomo kikosini. Alama zikifika 500, wawili hao huwa wapenzi. Wapenzi wakipakana hupata nafasi ya kupiga pigo kali lisilo la kawaida. Na katika mchezo huu kila mtu ana mkoba wake wa fedha ambao hawezi kumpa mwenzake apendavyo, isipokuwa mpenzi wake. Mwizi naye anaweza kumpa fedha yeyote, jambo ambalo tunawaachia wasomaji walio katika idara za hazina walitafakari.

Mwisho wa nusu hiyo, mbele ya mji wa Belhalla, Arvis anawageuka Sigurd na wenzake na kuwaua. Mchezaji aliyewalea kwa saa nyingi, aliyewapakanisha zamu kwa zamu ili wapendane, hawezi kulizuia jambo hilo. Nusu ya pili ni ya watoto wao, wakiongozwa na Seliph mwana wa Sigurd. Yale aliyoyapanga mchezaji bila kujua mwisho wake sasa yanarudi: mtoto hurithi silaha na ujuzi wa wazazi wake, na silaha takatifu haishikwi ila na mwenye damu inayostahili. Mama ambaye hakupata mwenzi hana watoto, na mahali pao huja watu baki, wenye nguvu haba.

Hapa mfasiri atahitaji msamiati wa mirathi, na atakuwa mvivu kweli akiukosa katika Kiswahili. Urithi, mrithi, wasia, nasaba, ukoo, mlango, damu: yote yako na kila moja lina mahali pake. Hatari iko kwingine. Kwa kuwa mchezo unaita alama zile kwa neno la upendo, ni rahisi kuandika "pointi za mapenzi". Tunaomba sana jina hilo lisitumike. Mapenzi katika matumizi ya sasa yameelemea upande wa mwili, na pointi ni za ligi ya mpira. Zaidi ya hayo, katika mchezo wenyewe mchezaji haonyeshwi hesabu ile ikipanda zamu kwa zamu. Huona tu dalili, huambiwa na mpiga ramli nani anamwelekea nani, na husubiri. Jina litakaloifichua hesabu kwa nguvu litaharibu subira hiyo. Tunaona mazoea ni neno bora: lina maana ya kitu kinachokua kwa kurudiwa, bila kelele, mpaka siku moja mtu anagundua kwamba kimekuwa kikubwa. Kwa ile hatua ya 500, uchumba.

Awakening iliufufua utaratibu wa watoto, ila kwa njia ya mkato: watoto wanakuja kutoka wakati ujao ulioharibika, akiwamo Lucina binti wa Chrom, wakapigana bega kwa bega na wazazi wao ambao bado ni vijana. Hadithi ni ya kuvutia na mchezo ni mzuri, lakini mzigo umepungua, kwani mtoto haji baada ya mzazi kufa mikononi mwa mchezaji. Mchezo huo ulileta pia utaratibu wa wawili kusimama katika mraba mmoja, mmoja mbele na mmoja nyuma, yule wa nyuma akiweza kupiga pamoja na mwenziwe au kumkinga. Tumefikiria jozi, tukaliacha, maana viatu huja kwa jozi. Kuandamana lafaa; yule wa nyuma ni mwandamizi wake, na vitendo vyake viwili ni pigo la mwandamizi na kinga ya mwandamizi. Watakaosema kwamba mwandamizi serikalini ni mtu wa cheo wana hoja, na tungefurahi kupata neno jingine kutoka kwao.

Katika Engage ya mwaka 2023 neno lililotiliwa mkazo kwa Kijapani ni kizuna, linalotaja uhusiano wa mpiganaji na mashujaa wa kale wanaoishi ndani ya pete. Asili ya kizuna ni kamba ya kumfungia mnyama. Mfasiri mwenye kupenda asili za maneno angekimbilia kifungo, nalo ndilo neno baya kuliko yote yanayowezekana: kifungo ni cha shati au cha miaka miwili jela. Fungamano linabeba wazo lile lile la kamba bila ya kumtia mtu korokoroni.

Three Houses inatuletea taabu ya namna nyingine. Mhusika mkuu, Byleth, ni mwalimu katika chuo cha Garreg Mach, na ukuruba wake na wanafunzi hukua kwa kula pamoja, kurudishiana vitu vilivyopotea, kupeana maua, na kualikana chai. Kwa lugha, hapana tatizo. Kwa mazingira, mtumishi wa serikali atakayesoma kwamba "ukuruba umeongezeka baada ya kumpa chai" atacheka peke yake ofisini, na mfasiri ajihadhari: kumkaribisha chai ni jambo moja, kumpa chai ni jingine. Lakini nyuma ya kicheko kuna swali la haki. Zawadi ikitolewa mara thelathini, na kila mara ikaongeza kiasi kile kile, je, tunatazama urafiki au ununuzi? Uwanjani mtu aliweka uhai wake hatarini kwa kusimama kando ya mwenzake. Bustanini haweki chochote hatarini ila saa chache za alasiri. Sisi tungetofautisha kwa istilahi: kinachopatikana vitani kiendelee kuitwa mazoea, na kinachopatikana kwa zawadi kiitwe hisani. Mchezo unavijumlisha pamoja. Si lazima lugha ifanye hivyo.

Faida kubwa ya mchezo huo kwetu iko katika namna ya kuitana. Wanafunzi humwita Byleth kwa Kijapani sensei, na mmoja wao, Edelgard, ana namna yake ya pekee ambayo Kiingereza kiliitafsiri kuwa "mwalimu wangu". Kiingereza kimepoteza daraja nyingi za heshima zilizomo katika Kijapani kwa kuwa hakina mahali pa kuziweka. Kiswahili kinapo. Mwalimu ni jina la kazi na ni wito wa heshima. Nchini Tanzania lilikwisha kuwa jina la Rais wa kwanza, Julius Nyerere, hata likitajwa peke yake bila ya nyongeza watu walijua ni nani. Kijana wa kwanza kumwamkia Byleth atamwambia shikamoo, Mwalimu. Akiisha kumzoea ataacha kusema Mwalimu Byleth na kusema Mwalimu tu. Na siku atakayothubutu kumtaja kwa jina tupu, msomaji atajua kwamba ngazi imevukwa pasipo kuonyeshwa herufi yoyote. Wahusika wa makamo wanaoitana bwana na bibi watakuja kuitana ndugu, kisha kaka na dada. Mfasiri atakayelifanya jambo hili kwa uangalifu atakuwa amefanya kazi ambayo nakala ya Kiingereza haikuweza.

Si michezo yote inayokubali kauli ya kutendana. Katika Valkyria Chronicles ya mwaka 2008, kila askari ana orodha ya anaowapenda, na anayependwa si lazima apende. Kuandika "wanapendana" hapo ni kusema uongo juu ya mtu ambaye huzuni yake yote imo katika kukosekana kwa silabi hiyo moja. Katika nyongeza ya XCOM 2 iliyotoka mwaka 2017 askari wawili walioungana huweza kuachiana nafasi ya kutenda: mmoja hujinyima ili mwenzake apate. Kauli ya kutendea inatosha, anamwachia zamu. Tunaitaja mifano hii kwa kifupi ili mtu asije akachukua mapendekezo yetu ya Fire Emblem na kuyapaka kila mahali.

Limebaki suala la kifo. Tangu mwaka 2010 mfululizo huu umekuwa na hiari ya pili, ambayo kwayo anayeshindwa hurejea katika pambano linalofuata. Maneno yasichanganywe. Katika hiari hiyo mtu ameanguka, au ametolewa uwanjani. Katika sheria ya zamani amekufa, na neno ni amekufa. Kufariki ni la matangazo na la wazee, na vijana hawa hawafi vitandani. Tofauti hii huonekana hasa katika kurasa za mwisho za mchezo wa mwaka 2003, ambamo kila mhusika huelezwa maisha yake ya baada ya vita, na wawili waliofikia kuaminiana huandikiwa maelezo ya pamoja. Mfasiri atalazimika kuchagua kati ya alimwoa, aliolewa na walioana, na shauri letu ni walioana, kwa kuwa maelezo hayo ni ya wote wawili na hayamtangulizi yeyote. Mmoja wao akiwa alikufa njiani, maelezo ya pamoja hayatokei. Aliyebaki husimuliwa peke yake kana kwamba hakuwa na mtu.